Hadi Mashuhuri Afe Ndipo Mtoto Apelekwe Hospitali?

Mtu mashuhuri akifariki, mitaa ya Eastlands hapa Nairobi hupata habari kabla jua halijapanda. Redio za matatu hutangaza, watu hujazana kwenye vibanda vya magazeti wakisoma vichwa vya habari bila ya kununua, na siku hizi simu za mkononi huitangulia hata redio. Kina mama walio kwenye foleni ya maji huulizana: "Alikuwa akiumwa nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Katika miaka mingi niliyokaa Majengo ya Pumwani nimeona ya kwamba jibu lake huamua mambo makubwa. Huamua ni mtoto gani atakayepelekwa hospitali wiki hiyo, na ni mtoto gani atakayezuiliwa nyumbani.

Wasomaji wa Mombasa, Lamu, Malindi na Vanga wasione kwamba haya ni mambo ya Nairobi, wao hayawahusu. Ni nyumba chache za Pwani zisizokuwa na ndugu Majengo, Eastleigh au Kariokor. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nilikuja huku kutafuta riziki, nikaoa, nikajaaliwa watoto, na sasa nina wajukuu. Nitakayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, na mojawapo nililitenda kwa ulimi wangu.

Wazee wetu walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Msiba wa mtu ni onyo kwa aliye hai, na hakuna ubaya kuonyeka. Lakini onyo lataka kueleweka. Mtu aliyeonywa nusu nusu huenda akatia maji kichwa kisichonyolewa, akakiacha kikavu kile kinachosubiri wembe.

MWEZI WA SARATANI

Wengi wetu twaukumbuka mwezi wa Julai 2019. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, kwa saratani ya damu. Tarehe 26 akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliyekuwa na saratani ya utumbo mpana. Siku tatu baadaye, tarehe 29, akafariki Joyce Laboso, gavana wa Bomet, naye kwa saratani. Mwezi mzima magazeti na redio hazikuwa na habari nyingine.

Kwetu Majengo habari hizo hazikuwa za mbali. Miili ya Collymore na Okoth ilichomwa katika tanuri la Kariokor, mwendo mfupi tu kutoka tunapokaa. Sisi Waislamu hatuna desturi hiyo, na watoto waliuliza maswali ambayo wazee walipata taabu kuyajibu. Lakini jioni, barazani, swali lililorudi kila siku lilikuwa moja: je, saratani huwashika watoto pia?

Huwashika. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupatwa na saratani kila mwaka ulimwenguni, na saratani ya damu ndiyo inayoongoza miongoni mwao, ingawa aina inayowashika watoto wengi si ile iliyomchukua Collymore. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi za hali ya chini, wanaopona hawafiki 30. Umaskini wa hospitali ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba mtoto hufikishwa kwa daktari akiwa amechelewa, baada ya kuzungushwa miezi mingi na dawa za kubahatisha.

Katika ploti yetu palikuwa na kijana wa miaka sita. Homa ilikuwa ikimjia na kumwacha, mikono na miguu ikimuuma hata akalia usiku, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyetoka katika maji baridi. Mama yake, mtu wa kwetu Pwani, alikuwa akimnunulia dawa za malaria dukani. Huo ndio mwendo wetu sote: homa yoyote ni malaria mpaka ijulikane ni kitu kingine, hata hapa Nairobi ambapo mbu wa malaria si wengi kama kwetu. Miezi minne ilipita hivyo.

Wiki ya kwanza ya Julai mama yule akamsikia daktari redioni. Alikuwa akieleza ugonjwa wa Collymore, kisha akataja dalili zinazopaswa kumshtua mzazi: homa isiyokwisha, weupe wa viganja na ulimi, michubuko ya damu chini ya ngozi bila ya kuanguka, maumivu ya mifupa, tezi zilizovimba. Kesho yake alfajiri alimbeba mtoto mgongoni akaenda hospitali, akasema hatoki mpaka damu ya mwanawe ipimwe.

Damu ikapimwa. Alhamdulillahi, haikuwa saratani. Ulikuwa ugonjwa wa selimundu, ambao mtoto huurithi kwa wazazi wake na ambao ni wa kawaida Pwani na magharibi ya nchi. Akaanzishwa dawa na miadi ya kila mwezi. Leo kijana yule yumo shuleni. Mama yake husema hadi leo kwamba mtoto wake aliokolewa na tanzia ya mtu ambaye hakupata kumwona hata mara moja.

Huo ni upande wa kheri, nao nausema kwanza ili nisiwadhulumu waandishi. Lakini upo upande wa pili.

Wiki zile zile wazazi wengi walipeleka watoto wasiokuwa na lolote, wakataka "wapimwe saratani", kana kwamba kuna sindano moja ya kuonyesha saratani zote. Waliambiwa warudi nyumbani. Wengine walirudi na hasira, wakaapa hawaendi tena. Ulipofika mwezi wa Septemba magazeti yalikuwa yamegeukia siasa, na barazani hakuna aliyeuliza tena kuhusu viganja vyeupe.

Kisha ukaja mwezi wa Oktoba. Serikali ilizindua kule kwetu Mombasa chanjo ya virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ipewe wasichana wa miaka kumi, bila ya malipo. Yaani ile saratani tuliyoililia Julai, aina yake moja kubwa ilikuwa imepata kinga, na kinga imeletwa hadi mlangoni. Jirani yangu mmoja, aliyekuwa akifuta machozi mbele ya televisheni siku ya mazishi ya Laboso, alinambia waziwazi kwamba binti yake hachanjwi. Alikuwa amesikia uvumi kwamba chanjo hiyo huua kizazi. Nikamuuliza kama alisoma popote maelezo ya daktari kuhusu jambo hilo. Hakusoma. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia kwa kurasa nyingi, na habari za kinga kwa safu moja ndogo. Uvumi ukapata nafasi ya kutosha katikati.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa nieleze lililonihusu.

Tarehe 6 Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Eastleigh hapa Nairobi na Mji wa Kale kule Mombasa. Tulikuwa katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mwanangu na mkewe walikuwa ndani ya Eastleigh, dada yangu alikuwa ndani ya Mji wa Kale, nami niko Majengo, na yote hayo yalitokea siku moja. Tulikula Idi kila mtu kwake. Njia zilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani na haikutoka na vizuizi.

Tarehe 18 Julai akafariki Charles Bukeko, mchekeshaji ambaye Wakenya walimwita Papa Shirandula kwa jina la kipindi chake cha televisheni. Tangazo moja la soda lilikuwa limempa umaarufu hata nje ya Kenya. Alikuwa mtu wa miraba minne, mcheshi, ambaye hakuna aliyemdhania kuwa mgonjwa. Korona ikatajwa katika habari za kifo chake, na siku mbili baadaye akazikwa kwao Busia. Habari zilijaa jinsi alivyofikishwa hospitali, muda aliokaa, nani alimgusa, nani hakumgusa. Kila mtu Eastlands alikuwa na masimulizi yake, na mwisho wa kila masimulizi ulikuwa mmoja: hospitali ndiko kwenye kifo.

Wiki hiyo hiyo mjukuu wangu alikuwa ametimiza miezi tisa. Mkaza mwanangu alinipigia simu jioni.

"Baba, kesho nampeleka mtoto chanjo ya surua."

Nikamwambia, "Mwanangu, humwoni Papa Shirandula? Mtu mkubwa vile! Ugonjwa huo huchukuliwa huko huko hospitali. Kaa na mtoto wako nyumbani."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kadi yaandika kesho, baba."

Nikamjibu, "Kadi haina roho. Mtoto anayo."

Ni binti mwenye adabu, hakubishana na mkwewe. Wiki ikawa mwezi, na mwezi ukawa miezi, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tena.

Mwezi wa Februari 2021 mtoto akapata homa kali, macho yakawa mekundu, mafua, kikohozi, kisha vipele vikaanza nyuma ya masikio vikateremka mwili mzima. Ilikuwa surua, ambayo wengine huiita ukambi. Siku ya nne pumzi ikaanza kumshinda, maana surua ilikuwa imeleta nimonia. Tulimlaza wodini siku tisa. Zipo saa mbili za usiku mmoja ambazo sitazisahau, nimekaa kwenye benchi la nje, tasbihi mkononi, nimeshindwa hata kuhesabu.

Mwenyezi Mungu alimjaalia akapona. Siku ya kutoka, muuguzi alifungua kijitabu cha mtoto. Chanjo ya kuzaliwa ilikuwapo. Za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne zilikuwapo, zimeandikwa vizuri. Nafasi ya miezi tisa ilikuwa tupu. Akamtazama mkaza mwanangu kwa ukali akamuuliza kwa nini alizembea. Yule binti aliinamisha kichwa, hakusema neno. Ilinibidi niseme mimi: "Usimlaumu yeye. Mimi ndiye niliyemzuia."

Baadaye nilisoma ya kwamba hatukuwa peke yetu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, watoto milioni 23 walikosa chanjo za kawaida ulimwenguni mwaka 2020, wakiwa wamezidi wale wa mwaka uliotangulia kwa milioni 3.7. Sababu zilikuwa nyingi: njia zilifungwa, fedha hazikuwapo, wauguzi walihamishiwa kazi nyingine. Siwezi kusema ni wangapi kati yao walizuiliwa na babu aliyetishwa na habari za mchekeshaji. Najua mmoja tu.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Waandishi hawakusema uongo. Bukeko alifariki kweli, na korona iliua watu wazima wengi kweli. Lakini ukweli ule ulikuwa na nusu ya pili: kwamba korona haikuwa kali kwa watoto wachanga kama ilivyokuwa kwa watu wazima wenye maradhi mengine, kwamba Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo za kawaida za watoto ziendelee, na kwamba surua huambukiza upesi kuliko korona yenyewe. Lau maneno hayo matatu yangelitiwa chini ya picha ya marehemu, pengine nisingeliinua simu na kumjibu binti wa watu kama nilivyomjibu.

MAUMIVU YALIYONYAMAZIWA

Kifo cha tatu nitakachokitaja ni cha tarehe 3 Juni 2024. Siku hiyo alifariki Njambi Koikai, mtangazaji wa redio aliyependwa sana na vijana wa Eastlands kwa muziki wa reggae. Ugonjwa wake waitwa endometriosisi. Ngozi laini inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake, nayo huvuja damu na kuvimba kila mwezi kama ile iliyo mahali pake. Yeye ulimfika hadi kwenye mapafu. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi, hapa nchini na Marekani, na kwa miaka alisema hadharani mambo ambayo wanawake wengi huyaficha.

Jambo moja alilolirudia ni kwamba ugonjwa ulimwanza akiwa msichana wa shule wa miaka 13. Maumivu ya mwezi yalimwangusha, na kwa muda mrefu hayakupewa jina lake.

Najua msomaji wa kwetu atasema, mambo haya hayasemwi gazetini, na mwanamume ndiye hasa asiyeyataja. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo. Lakini Shirika la Afya Duniani lasema ugonjwa huu huwapata karibu wanawake na wasichana 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Hiyo ni idadi kubwa mno kuachiwa haya peke yake.

Desturi yetu ya Pwani si kwamba haikuyajua mambo haya. Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa somo wake, na somo alimfunza usafi, tohara, sala zinazoondoka na zinazorudi, na namna ya kujiweka. Ilikuwa elimu kamili kwa wakati wake. Huku Eastlands wasichana wengi hawana somo. Mama yuko kazini tangu alfajiri hadi magharibi, bibi yuko Pwani, na binti hujifunza kwa wenzake. Na hata pale somo alipo, maumivu hujibiwa kwa maneno tuliyorithi: ndio uanamke huo, vumilia, ukiolewa na kuzaa yatakwisha.

Mpwa wangu wa kike ana binti aliyekuwa na miaka 14 mwaka huo. Kila mwezi alikosa shule siku tatu au nne, akitapika na kujikunja sakafuni. Mwalimu alimwona mvivu, nyumbani wakamwona mdekaji. Wiki aliyofariki Njambi, redio moja iliwaalika madaktari, wakaeleza kwa lugha ya heshima na ya wazi: maumivu ya mwezi ni ya kawaida yakiwa madogo, lakini yakimzuia msichana kwenda shule, yakimfanya atapike au azimie, yakikataa dawa za kawaida au yakizidi mwezi baada ya mwezi, hayo si ya kuvumilia, ni ya kupelekwa kwa daktari. Mpwa wangu alikuwa akipika maandazi ya kuuza. Alizima jiko akamwendea binti yake chumbani. Alinieleza mwenyewe kwamba alimwomba radhi kabla ya kumwambia avae buibui watoke.

Binti yule yuko chini ya matibabu. Hajapona kabisa, lakini haendi tena shule akiwa na hofu ya tarehe. Hapa, tofauti na mwaka 2020, habari za msiba zilifika nyumbani zikiwa zimebeba alama ambazo mama anaweza kuzitazama.

NG'AMBO NAKO NI VIVYO HIVYO

Tusijidharau tukadhani ni sisi tu tunaotikiswa na vifo vya wakubwa. Uingereza, mwaka 2009, alifariki mwanamke mmoja wa vipindi vya televisheni, Jade Goody, kwa saratani ya mlango wa kizazi. Ugonjwa wake ulifuatwa na magazeti siku baada ya siku. Kati ya katikati ya mwaka 2008 na katikati ya 2009 waliojitokeza kupimwa huko England waliongezeka kwa zaidi ya 400,000. Hiyo ni faida kubwa. Lakini baadaye msisimko ulipoa, na hesabu zikashuka tena.

Mwezi huo huo wa Machi 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji kule Kanada. Aliinuka, akacheka, akasema hana kitu. Saa chache baadaye kichwa kikamshika, na baada ya siku mbili alikuwa amefariki kwa damu iliyovujia ndani ya fuvu. Magazeti yalieleza vizuri jinsi mtu aliyegonga kichwa aweza kuzungumza na kutembea, kisha akaanguka. Somo hilo lina maana kubwa kwa mitaa yetu ya Umoja na Kayole, ambako watoto huchezea ngazi na roshani za maghorofa. Mtoto aliyeanguka kwa kichwa, akiwa baadaye atapika tena na tena, analala usingizi usio wa kawaida, aongea ovyo, ana degedege au kichwa kinazidi kumuuma, asiachwe "apumzike kidogo". Apelekwe mbio.

WAJIBU WETU

Basi tufanyeje?

Kwanza nawaambia ndugu zangu waandishi, nami nimo. Tunapoandika tanzia ya mtu mashuhuri, tusiishie kwenye idadi ya magari na majina ya waliotoa rambirambi. Tumuulize daktari maswali matatu: ugonjwa huu huwapata watoto? Mzazi atazame nini? Aende wapi, na ni lini? Majibu yake yatoshe aya moja, yawekwe palepale penye picha, kwa maana ndipo macho yalipo. Na pale ambapo hofu yaweza kuwazuia watu kwenda kliniki, tuseme waziwazi kwamba kliniki za watoto haziachwi.

Pili, sisi Waislamu tuna desturi ya arubaini. Mtu akifa hatumsahau siku ya tatu. Twakutana tena, twasoma, twala pamoja, tukamkumbuka. Magazeti na redio nazo ziige hilo. Siku arubaini baada ya kifo kilichotikisa nchi, machozi yakiwa yamekauka na akili zimetulia, ugonjwa ule uandikwe tena. Mwaka 2019, siku arubaini baada ya Laboso zilitufikisha mwezi wa Septemba, mwezi ule ule barazani tulipoacha kuuliza, na chanjo ya wasichana ilikuwa mwezi mmoja mbele. Ungelikuwa wakati mzuri wa kuondoa uvumi kabla haujaota mizizi.

Tatu, nawaambia maimamu wetu wa Pumwani, Eastleigh na Pwani nzima. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituagiza tujitibu, na mtoto ni amana tutakayoulizwa. Hotuba ya Ijumaa yenye dakika tano za kukumbusha chanjo ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane haitapunguza chochote katika dini. Kina baba na mababu ndio wanaoisikiliza hotuba hiyo, na mara nyingi sisi ndio tunaotoa au kunyima ruhusa na nauli.

Nne, nawaambia kina mama na masomo. Tuendelee kuwafunza mabinti heshima na stara, lakini tuongeze mlango mmoja katika mafunzo hayo: maumivu yaliyozidi ni ugonjwa, na kuyasema kwa mama si utovu wa haya.

Na mwisho, yapo magonjwa ya watoto ambayo hayatapata mtu mashuhuri wa kuyatangaza. Ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt alieleza habari zake kutoka Uganda mwaka 1958 huwashika watoto katika nchi za malaria, nazo ni pamoja na Pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria. Ipo pia saratani ya jicho, ambayo huonekana kama weupe ndani ya mboni mtoto anapopigwa picha. Kuna kuhara, kuna nimonia, ambazo huwachukua watoto wengi kuliko hizo zote. Watoto hao hawaandikiwi tanzia gazetini. Hutiwa katika sanda ndogo, wakasaliwa, wakazikwa kabla ya adhuhuri, na mtaa ukaendelea na shughuli zake.

Mimi sasa nina kalenda ya Kiislamu ukutani, ile tunayopewa msikitini kila mwaka. Humo nimeandika tarehe za kliniki za wajukuu wote, kwa wino mwekundu. Tarehe ikifika, mimi ndiye ninayepiga simu kuuliza kama wametoka. Mkaza mwanangu huniambia, "Tumeshatoka zamani, baba," naye hucheka. Yule aliyeugua surua yumo madarasa ya mwanzo sasa, na hajui kisa hiki. Akikua nitamsimulia mwenyewe, asije akakisikia kwa mtu mwingine.